Uji wa Mchana, Majengo

Katikati ya miaka ya sabini, nilipomaliza chuo, niliajiriwa kwenye kliniki ndogo ya akina mama mjini Nyeri. Nilitumwa Majengo, mtaa wa Waislamu, kwa sababu wajawazito wa huko walikuja kwetu kwa nadra na wengi walijifungua wakiwa na damu kidogo. Niliweka meza kando ya njia. Kila aliyekuja alipewa kikombe cha uji, kisha akameza kidonge cha kuongeza damu mbele yangu, maana vile vya kwenda navyo nyumbani vilitupwa.

Aliyenitia wasiwasi zaidi ni binti wa miaka kumi na sita, aliyeolewa mwaka huo. Ukivuta kope lake la chini, ndani palikuwa peupe. Alikuja mara chache, akaacha. Siku moja nilimwona kwenye kona. Aliitazama sufuria yangu, akageuka.

Nikaanza kujichunguza. Labda ni Kiswahili changu cha kijijini kwetu, Giakanja. Labda viatu. Nilivua hata msalaba wa shingoni nikauficha mfukoni, halafu nikaona aibu kwa kuuficha.

Mwishowe nilimwuliza bibi mmoja wa nyumba ya jirani kama ni msalaba wangu uliomfukuza binti. Alicheka.

"Mwanangu, vaa msalaba wako. Uji ndio unamfukuza. Tumefunga."

Nilijua ni Ramadhani; sikuwa nimefikiri kwamba inafika hadi kwenye kikombe changu. Nikasema nimesikia mjamzito anaruhusiwa kula.

"Anaruhusiwa. Lakini mke mgeni gani atakunywa uji njiani, mawifi wakimtazama?"

Akanieleza kwamba wajawazito wa jirani hupika futari pamoja uani kwake, akanitaka nihamie huko na vidonge vyangu. Jioni hiyo niliketi mkekani kati yao, nikihofu kwamba ninabana nafasi ya mtu. Adhana ilipolia, binti alikula tende, akanywa uji wao wa pilipili manga, akapokea kidonge na kukimeza. Kisha akanitazama miguuni.

"Dada, kesho uje na viatu vingine. Hivyo vinalia kama vya askari. Mtaa mzima unajua umekuja kunipima."

Kesho yake nilikwenda na kandambili, na kila jioni baada ya hapo. Siku ya Idi nilivuta kope lake palepale uani. Wekundu ulikuwa umeanza kurudi. Nikavuta na la jicho la pili, kuhakikisha.