Jino la Shangazi Siwema

Harufu ya makumbi ya nazi yanayoungua hunirudisha Kilwa Kivinje, enzi za Mwingereza, mimi binti mdogo nimechuchumaa kando ya moto ambapo ngoma zinapashwa mpaka ngozi zikaze. Shangazi yangu Siwema alikuwa mwimbaji wa Waridi, chama chetu cha lelemama, ngoma ya wanawake, na sauti yake, wallahi, ilivuka maji hadi Songo Mnara ikaamsha watoto waliolala. Mahasimu wetu walikuwa Asumini wa mtaa wa pili, na mwimbaji wao Zuhura, mwanamke mwenye mikono kama michi ya kutwangia.

Wimbo mpya ulifichwa hadi siku ya mashindano. Wenzako wakitangulia kuuimba, huna haki nao tena, na mwimbaji asiye na wimbo aliondoka uwanjani amefunikwa kanga kama maiti, haimbi tena maisha yake. Basi shangazi alitufundisha mlango umefungwa na madirisha yamezibwa kwa magodoro, tukatoa jasho la kujaza pipa. Tukasahau kwamba kuta za nyumba zetu hazifiki paani, na chumba cha pili kapanga dada yake Zuhura.

Sikukuu ya Idi, siku ya mashindano, ikafika, Asumini wakaanza. Zuhura akafungua kinywa, ukatoka wimbo wetu neno kwa neno, hata kile kikohozi cha shangazi katikati ya ubeti!

Waridi wakainuka na pembe za nyati, zile za kugongea mdundo, wakagonga vichwa. Kanga zilichanika, sikio la mtu liling'atwa, na ngoma yetu kubwa ikapasuliwa kwa mbuzi ya nazi. Shangazi hakupigana. Alikwenda moja kwa moja kwa Zuhura, akamwambia amekula jasho lake.

"Una mwingine, shoga? Imba. Huna, funga domo," akajibiwa, na pembe ya Zuhura ikamtua mdomoni.

Jino liliruka, damu ikachuruzika kifuani. Mama yangu akamshika mkono amrudishe nyumbani.

"Niache, wifi. Nikitoka hapa kimya, ndiyo basi tena."

Akatema damu, akaimba wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia, hata yeye mwenyewe:

*Wimbo umeuchukua, na jino langu chukua,*
*Koo umeniachia, na ndilo litakuua.*

Upepo ulipita penye pengo ukatoa mluzi mwembamba, mkali kama wembe. Mapigano yakafifia. Askari walipofika na virungu vyao walikuta watu wenye damu usoni wamesimama wanamsikiliza, na Asumini, Asumini wenyewe, wanamgongea pembe. Toka siku hiyo Lindi nzima ilimwita, harusi zikaahirishwa zikimsubiri. Mumewe alimpa jino la dhahabu. Shangazi akalitoboa, akalifanya hereni.

Juzi nilikuwa harusini Nangurukuru. Vipaza sauti vikubwa kama makabati, uwanja umetulia, hakuna hata aliyesukumwa. Binti mmoja akaimba wimbo ule ule wa jino, na kila alipofika penye sauti ya ch akatoa mluzi mwembamba. Nikamuuliza mluzi ule kautoa wapi.

"Ndivyo unavyoimbwa, bibi," akasema, akacheka.

Nikamchungulia kinywani. Meno yote yamo.