Nyumba Niliyomficha Mama

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mama yangu mzazi alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba yangu pale Katoro, akakumbatia kifurushi chake cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mwenye nyumba ataruhusu alale.

Mwenye nyumba nilikuwa mimi.

Nikamjibu, "Ataruhusu, mayu. Ni mtu mwema."

Nataka nikusimulie ilikuwaje mtu mzima, mwenye mvi zilizokwisha kuanza, akafika mahali pa kumjibu mama yake namna hiyo. Wewe umeniambia umechukua mkopo wa nyumba, uko peke yako, na unataka kuumaliza kabla ya wakati. Vizuri. Mimi pia niliumaliza kabla ya wakati. Kaa hapo, usiwe na haraka.

Shule niliacha darasa la tano. Sikufukuzwa wala sikuwa mzito wa kichwa. Nilitaka tu kujua yale malori ya pamba yaliyopita karibu na kwetu, upande wa Mhunze, yalikuwa yanaelekea wapi. Siku moja nikapanda moja, nikajua. Baada ya hapo kila nilipofika niliona njia nyingine inayoendelea mbele. Nilibeba magunia ya mchele kwenye mashine za Kagongwa, nikachoka kuyabeba, nikataka kuona ganda linavyotengana na punje, nikahamia ndani kwenye mashine. Kisha nikasikia habari za dhahabu, nikaenda Geita kama wenzangu wote, nikashuka maduarani, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Huko nako niliishia kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, kwa sababu nilitaka kujua jiwe gumu vile linageukaje unga. Nikawa fundi wa makarasha. Watu waliniita kutoka machimbo hadi machimbo, na mali yangu yote iliingia kwenye begi moja.

Mke sikuoa. Siwezi kusema nilikosa. Kila niliyempenda aliniuliza nitakaa wapi, na mimi sikuwa na jibu.

Miaka yote hiyo mama alikuwa na kibanda changu nyumbani. Desturi ya kwetu kijana wa kiume huwa na kijumba chake uani kwa wazazi mpaka aoe na ahamie kwake. Wenzangu vijumba vyao vilishabomoka zamani, wao wakiwa na wajukuu. Changu mama alikiezeka upya kila nyasi zilipochoka, kwa mikono yake, maana mwanawe Masalu hana pa kulala akirudi.

Nilipokuwa na miaka arobaini na kitu, mfanyabiashara mmoja wa Katoro akawa anauza nyumba ya vyumba vitatu, haina dari, haina rangi, lakini ina bati na ina hati. Sijui nini kilinipata. Niliingia ndani, nikasimama sebuleni, nikajikuta sitaki kujua barabara ya mbele inakwenda wapi. Benki wakanikopesha, kwa sababu fedha zangu za karasha zilikuwa zinapitia kwao. Hati ikabaki kwao. Muda wa kulipa, miaka kumi.

Miaka kumi! Mimi ambaye sikuwahi kukaa mahali miaka miwili. Nikaapa nitaimaliza kwa sita.

Mwaka wa kwanza nilikuwa napeleka rejesho la mwezi na kitu cha juu yake, naondoka kifua mbele. Mwisho wa mwaka nikaenda kuuliza deni limepungua kiasi gani. Dada wa benki akatazama kwenye kompyuta yake, akanitazama.

"Mzee Masalu, hizi za ziada ulitaka tuzifanyie nini?"

"Zipunguze deni. Mlidhani nawaletea zawadi?"

"Uliandika barua?"

"Barua ya nini tena? Hela si mnaiona?"

"Tunaiona, imekaa kwenye akaunti yako. Sisi tunakata rejesho la mwezi tu. Ukitaka ziada ipunguze deni la msingi, lazima utuandikie."

Nilivuta kiti nikakaa, nikamuuliza riba inahesabiwaje, kwa nini miezi ya mwanzo inakula riba zaidi, nikifupisha muda itakuwaje, na kama mkataba una ada ya kulipa mapema. Watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Yule dada akacheka. "Mzee, wewe unataka mkopo au unataka kazi yangu?" Lakini alinieleza yote, na tangu siku ile kila nilipopeleka ziada nilipeleka na barua. Hilo lishike, ni la bure.

Sasa nakuja kwenye kosa langu.

Sisi wa maduarani tulikuwa na mazoea yetu. Jiwe likionyesha dhahabu, hakuna anayefungua mdomo. Hulitaji kwa mkeo, hulitaji kwa ndugu yako, mpaka limesagwa, limeoshwa, dhahabu imeuzwa na hela iko mfukoni. Ukiulizwa unajibu bado mnakula udongo. Wengine waliogopa wezi, wengine waliogopa wachawi, wengi tuliogopa vyote viwili. Nilishaona mtu akimpigia mkewe simu kwa furaha kuwa mambo yameiva, na kesho yake duara likajaa maji. Maji yalitoka chini kwa chini, simu haikuhusika. Leo najua. Wakati ule nilijua pia, nadhani, ila hofu ilikuwa imeingia mwilini kabla ya akili.

Nyumba nikaifanya kama jiwe lile. Niliona haijawa yangu mpaka hati irudi mkononi, na kwa hiyo haipaswi kutajwa. Vyumba vyote vitatu nikapangisha ili kodi isaidie kulipa. Mimi nikalala stoo, palipotosha kitanda na sanduku la spana. Wapangaji nikawaambia mimi ni msimamizi tu, mwenye nyumba yuko mbali.

Mama Kulwa, mpangaji wa chumba cha mbele, alikuwa na mdomo kama karasha.

"Baba msimamizi, mwambie bosi wako choo kinavuja!"

"Nitamwambia."

"Wiki ya tatu hii unamwambia. Ana masikio huyo? Na wewe anakulipa nini, unalala na mapanya? Mchoyo yule! Mtu ana nyumba, anashindwa kumpa mlinzi wake hata godoro la maana."

Nilikuwa nacheka peke yangu stoo. Nilijiona mjanja kuliko Katoro nzima.

Ndipo mama akaja. Nilikuwa sijampelekea kitu kwa muda mrefu, kila shilingi ilikwenda benki, naye akadhani naumwa. Akapanda basi na uzee wake, akaulizia kwenye makarasha fundi Masalu anaishi wapi, wakamwambia anasimamia nyumba ya mtu. Mwendesha bodaboda akamleta hadi mlangoni.

Alikaa siku tatu. Nilimwachia kitanda, mimi nikatandika chini. Mchana aliizunguka ile nyumba polepole, anagusa kuta, anachungulia msingi, anatazama bati. Alikuwa mdadisi, mimi nilimrithi yeye. "Tofali hizi ni za simenti tupu," alisema. "Na hapa mbele mtu anaweza kukaa na jua la asubuhi." Kisha akasema neno ambalo mpaka leo likinijia nikiwa nakula naweka kijiko chini.

"Mama wa huyu mwenye nyumba, popote alipo, analala usingizi."

Mwanangu, nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Neno lilikuwa hapa, kwenye meno. Kwenye deni yalikuwa yamebaki marejesho machache sana. Mama Kulwa alikuwa anafua pale pale, masikio yamesimama. Nikasema moyoni, bado kidogo. Hati ikirudi nitampelekea mkononi, itakuwa furaha kubwa zaidi.

Nikamwambia, "Twende ukanywe uji, mayu."

Asubuhi ya kuondoka niliamka nikakuta amefagia uwanja mzima, mpaka nyuma ya choo. Mgongo wenyewe ulikuwa haunyooki. Nikamuuliza kwa nini anajitesa. Akasema, "Mwenye nyumba akija, asione nilikuja kukaa bure. Asije akakuchukia wewe."

Stendi, akafungua fundo la kanga yake akanipa hela. Alikuwa ameuza mbuzi wawili kabla ya kuja. "Anza kununua tofali, hata kumi kumi," akasema. "Kulala kwa watu umri huu si vizuri."

Nilizipokea. Na nisikufiche: sikununua tofali. Juma lililofuata nilizipeleka benki pamoja na barua, zikapunguza deni.

Nilimaliza mwaka ule, miaka minne kabla ya muda. Dada wa benki alisimama akanipa mkono. Ningeweza kumpigia mama simu kupitia kwa jirani yake siku ile ile. Lakini hati ilikuwa haijatoka, ilibidi kwanza ifutwe jina la benki huko inakosajiliwa, na mimi nilikuwa nimeshajifundisha kungoja. Ikachukua miezi. Nikangoja. Deni limekwisha na bado nikangoja, unaona ujinga huo?

Hati ilipotoka niliifunga kwenye nailoni, nikaenda Mhunze.

Nilimkuta amekaa nje kwenye ngozi, amekonda. Miguu ilikuwa imeanza kukataa. Nikamsalimu, nikakaa, nikamwekea ile karatasi mapajani. Kusoma hakujui, akaishika juu chini.

"Hii nini?"

"Nyumba ile ya Katoro, mayu. Ni yangu. Ilikuwa yangu hata ulipokuja. Nilikuwa nalipa benki, nikaona nisikuambie mpaka iishe."

Kuku wakapita, akawatazama mpaka wakaisha kupita.

"Watu wa benki walijua ni yako?"

"Walijua."

"Aliyekuuzia alijua?"

"Alijua, mayu."

"Kwa hiyo nilifagia uwanja wa mwanangu huku naogopa."

Niliinama. Nililia, na mimi si mtu wa kulia. Akanishika kichwani kama mtoto. Baadaye, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa, akaanza kunidadisi: jikoni umejenga jiko la namna gani, maji unatoa wapi, na wale mbuzi wangu walikwenda wapi. Nikamwambia walikwenda benki. Akacheka mpaka akakohoa.

"Basi mlango mmoja ni wangu. Nionyeshe upi nikija."

"Uchague mwenyewe. Twende sasa hivi, nitakodi gari."

"Na miguu hii? Mvua zikikatika, nitakuja. Safari hii nikae mbele, kwenye jua lile, huyo mama mwenye mdomo aniamkie."

Mvua hazikukatika. Yaani, kwake hazikukatika. Alituacha katikati ya masika.

Sasa nakaa kwenye nyumba yangu. Mama Kulwa alihama akajenga kwake, na alipojua ukweli alinitukana nusu saa nzima, kisha akaniletea sahani ya wali. Nina dari, nina rangi, choo hakivuji. Asubuhi jua linapiga pale mbele alipopasema, na mimi huwa sikai pale. Nakaa upande mwingine, napatazama. Nimezunguka nchi yote ya mawe na pamba nikitaka kujua kila kitu kinafanyaje kazi, na kitu kimoja ambacho ningetoa hii nyumba na hati yake ili nikijue ni sura ambayo mama angeifanya kama angeambiwa siku ile ya kugusa kuta: "Ni yako hii, mayu. Bado inadaiwa, lakini ni yako."

Kwa hiyo nisikilize. Lipa mapema ukiweza, sikukatazi. Kulala bila deni ni kuzuri na waliolala hivyo wanajua. Soma mkataba wako mpaka mwisho, uliza bila aibu, na kila ziada uipeleke na barua yako na nakala ubaki nayo. Lakini usiwafanye watu wako wangoje benki. Nyumba yenye deni inalaza mama vizuri tu. Inapika ugali, inapokea shangazi, inaingiza mchumba kama yupo. Mama yako yuko wapi leo? Kama yuko hai, mpigie kabla hujalala, umwambie umenunua nyumba, unadaiwa, na yeye ana chumba. Kama akipiga kelele kwa furaha mtaa mzima ukasikia, mwache apige. Hakuna maji yatakayotoka chini.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mikono ya kulipa na muda wa kutosha. Akufikishie mgeni wako mlangoni akiwa bado na nguvu za miguu, na akupe mdomo mwepesi siku hiyo, umkaribishe kwa jina la mwenye nyumba, ambalo ni jina lako.