Biskuti za Kuagana

Katika ofisi ile ya maji palikuwa na mafundi bomba kumi na mmoja, wasoma mita wanane, mhasibu mmoja mwenye sauti ya watu watatu, na katibu muhtasi ambaye barua yake ya ajira haikutaja popote habari za biskuti. Hilo halikumzuia mtu. Kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyehama, aliyestaafu wala aliyefukuzwa kwa staha bila kuagwa kwa biskuti zake za siagi. Jina lake halisi lilibaki kwenye faili tu. Kuanzia bosi hadi mlinzi wa getini, wote walimwita Mama Biskuti.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe, na alilijua. Siku ya kwanza alipoleta sahani ya kumuaga fundi mmoja mzee, watu walimsifu mpaka akaona haya, akasema, "Ah, vitu rahisi tu hivi." Angesema zilikaribia kumtoa roho, pengine maisha yake yangekuwa mengine. Lakini alisema rahisi, na watu wa ofisi ile, waliobishia bili, ramani na hata saa ya ukutani, neno lile moja hawakulibishia kamwe.

Basi akaoka. Akitoka kazini aliiacha siagi mezani ilainike yenyewe, maana siagi haipendi kuharakishwa. Aliipiga na sukari kwa mwiko mpaka ikawa nyeupe na bega likamuuma, akachekechea unga wa ngano, akatia chumvi kiduchu na vanila, akaviringa vidonge na kuvikandamiza kwa uma kimoja kimoja. Trei zilikuwa mbili, oveni moja, na mlango wa oveni haukufunga mpaka uegemezewe kiti. Mumewe naye alisaidia sana: alionja. Kuna siku alionja nusu trei nzima, kisha akasema bado hajawa na hakika.

Ikafika zamu yake ya kustaafu. Kamati ya kuagana iliundwa haraka, mhasibu akawa mwenyekiti kwa sababu hakuna aliyeweza kupaza sauti zaidi yake. Kamati ilikutana mara tatu, ikanywa chai mara tatu, na baada ya kuumiza vichwa kiasi hicho ikaja mezani kwa Mama Biskuti ikiwa na azimio. Mhasibu alimvisha kwanza kilemba cha ukoka, kwamba yeye ni nguzo, ni mama wa wote, ni mtu asiye na mfano. Kisha akaomba trei nne za sherehe ya Ijumaa.

Mama Biskuti akauliza sherehe hiyo ni ya kumuaga nani.

"Wewe, Mama," mhasibu akasema, bila hata kupepesa macho.

Iliuma. Yeye hakuwa na haja ya hotuba wala zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Alichotaka kwa miaka yote hiyo kilikuwa kidogo mpaka aliona haya kumwambia mtu: siku moja tu akae kwenye kiti kama wageni wengine, na mtu amletee sahani. Alipiga moyo konde akasema hapana. Kamati ikatazamana kana kwamba bomba kuu limepasuka. Yeye akageukia kompyuta yake, akachapa jinsi ya kuoka biskuti za siagi, ukurasa mmoja, akaugonga muhuri wa ofisi na kumkabidhi mwenyekiti. Mhasibu akacheka. Kazi ya nusu saa hiyo, akasema. Mwenyewe si ndiye aliyesema ni vitu rahisi?

Habari za yaliyofuata alizipata kwa karani wa mapokezi, aliyepanga nyumba moja na mhasibu, jiko kwa jiko. Jumanne mheshimiwa mwenyekiti hakuwa na muda wa kusubiri siagi ilainike, akaiyeyusha kwenye sufuria. Biskuti thelathini ziliingia ovenini, ikatoka moja, pana kama trei. Jumatano aliisubiri siagi, tena kwa adabu, akiichungulia kila baada ya dakika mbili. Tatizo likawa jingine. Ukurasa ulisema wazi kwamba zitolewe zikiwa bado laini, zitakazana zikipoa. Mhasibu, ambaye kazi yake ni kusahihisha makosa ya wenzake, aliamua kwamba hapo katibu muhtasi amekosea. Akazirudisha ovenini zikaze humo humo. Majirani walifungua madirisha, naye akaapa kujaribu tena Alhamisi.

Mama Biskuti alicheka mpaka akashika mbavu, na hakuona aibu hata chembe. Hata hivyo, Alhamisi jioni mikono ilimwasha. Mara mbili alifungua kabati la unga, mara mbili akalifunga. Mumewe akamkumbusha kwa upole kwamba waonjaji wapo.

Ijumaa viti vilipangwa katika chumba cha mikutano, naye akaketishwa mbele, karibu na bosi. Bosi alisoma hotuba ndefu iliyomsifu kwa utunzaji wa majalada, na ilionekana wazi kwamba aliyeiandika alikuwa anamfikiria mtu mwingine. Kisha makopo ya biskuti za mhasibu yakafunguliwa. Bosi akasema kama alivyosema kila mara, "Haya, tugawieni," na bila mtu kupanga, vichwa vyote vikamgeukia Mama Biskuti.

Magoti yake yalitaka kuinuka. Miaka ishirini na sita si mchezo, magoti nayo huzoea. Akashika kiti kwa mikono miwili. Alijua kwamba akisimama sasa, basi ndiyo imetoka, ameondoka hapo bila kukaa hata mara moja. Bosi akakohoa.

Mhasibu ndiye aliyeinuka. Alikuwa na bandeji kwenye vidole viwili na macho ya mtu aliyeonja joto ya jiwe. Akapanga biskuti kwenye sahani, akampita bosi, akainama mbele ya Mama Biskuti. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, aliongea kwa sauti ya chini.

"Mama, nimeoka mara tatu tu, na leo bega siwezi kuliinua. Wewe ulikuwa unafanya hivi, halafu asubuhi unakuja kazini?"

"Ndiyo, mwanangu," akasema.

"Na hatukuwahi kukuuliza."

"Hamkuwahi."

Akachukua moja. Ilikuwa imeungua upande, chumvi imezidi, na kwa ugumu ingeweza kuziba bomba. Maneno makali aliyoyaandaa tangu Jumatatu, mazuri kweli, ya kumnyoosha mhasibu mbele ya watu, yaligoma kutoka. Akatafuna. Machozi yakamtiririka mbele ya ofisi nzima, na waliokaa nyuma wakanong'onezana kwamba bila shaka amevunjika jino. Akanyoosha mkono, akachukua ya pili.