Sakafu Niliyoitafuta Olenguruone

Nilijisomesha mwenyewe, na sioni haya kulisema. Nilifika Uswidi nikiwa na begi moja na koti la mvua ambalo halikujua baridi ni nini. Kwa misimu mitatu nilipanda miti kwa mkataba, bomba la chuma la kupandia mkononi na mkoba wa miche kiunoni, na jioni nilisoma lugha yao nikiwa nimelala kwenye kitanda cha kambi. Kisha nikaingia chuo cha misitu na kutoka na diploma. Wenzangu darasani walikuwa wamezaliwa ndani ya ile misitu. Mimi nilizaliwa milimani juu ya Olenguruone, na katika mtihani wa udongo niliwapita wote isipokuwa mmoja.

Nilipenda udongo kuliko masomo mengine yote. Mwalimu wetu, mwanamke mfupi mwenye buti kubwa, alitugawia fito za chuma zilizochorwa alama za sentimita. Tulitembea msituni tukizisukuma ardhini, hatua kwa hatua, na kuandika kila zilipogonga jiwe. Zilikuwa zikigonga karibu kila mahali. Ile ni nchi iliyolaliwa na barafu kwa maelfu ya miaka. Barafu ilikuwa nene kama mlima, na ilipokuwa ikijikokota ilikwaruza miamba, ikaisaga, na ilipoyeyuka ikaacha kila kitu pale pale: unga, mchanga, kokoto, na mawe makubwa kama gari, vyote vimechanganyika. Mto huchambua mzigo wake, mchanga huku na tope kule. Barafu haichambui.

Tulichimba mashimo ya kutazama. Juu kulikuwa na godoro jeusi la majani ya misonobari ambayo baridi haiyaachi yaoze. Chini yake tabaka la kijivu kama majivu, limesafishwa na maji makali ya majani yale. Kisha tabaka la rangi ya kutu, ambapo chuma kilichooshwa juu kimetua. Kisha jembe linakataa. Hapo umefika kwenye udongo ulioshindiliwa na uzito wa barafu yenyewe, mgumu kama sakafu ya saruji, na chini kidogo ni mwamba mtupu wenye mikwaruzo inayoelekea upande mmoja. Mizizi haiwezi kushuka, kwa hiyo hutambaa. Upepo ukiangusha mti, mizizi husimama wima kama sinia kubwa, mawe bado yamekumbatiwa. Na maji pia hayashuki. Theluji ikiyeyuka unatembea msituni ukizama hadi kwenye ndimi za buti, na chini ya maji hayo unaikanyaga sakafu.

Hiyo sakafu niliipenda sana. Niliirudisha nyumbani kichwani pamoja na diploma yangu, ambayo mama aliitundika sebuleni juu ya redio.

Mama na akina mama kumi na wanne wa kikundi chake walikuwa na kitalu cha miche: mitarakwa na mizeituni ya mwitu, ya kupandwa kwenye mteremko uliokatwa miti zamani, ambao kila masika ulikuwa unateremsha udongo hadi barabarani. Miti hiyo hukua polepole. Mche unakaa kitaluni karibu miaka miwili kabla haujaweza kujitegemea, na ndani ya muda huo kuna Januari mbili, wakati mto ulio chini ya shamba unabaki mashimo ya maji machache. Januari iliyokuwa imepita walibeba mitungi mgongoni kupanda mlima hadi wakachoka, na nusu ya miche ikakauka. Goti la mama lilikuwa tayari limeanza kumsumbua. Miche iliyobaki ilikuwa imebakiza kiangazi kimoja tu. Ikifa hiyo, wangeanza tena kwa mbegu.

Nikamwambia mama asiwe na wasiwasi. Ningechimba bwawa juu ya kitalu, mvua za mwisho wa mwaka zilijaze, na maji yashuke yenyewe kwa mpira hadi kwenye miche. Mama akawaambia wenzake waache mpango wa kuomba matangi, kwa sababu kijana wake amesomea mambo haya.

Nilizunguka shamba na ufito wa chuma. Uliingia kwenye udongo mwekundu kama kisu kwenye ugali, hakuna jiwe, hadi ulipogonga kitu kigumu chini kabisa. Nilipima mahali pengi na kila mahali uligonga. Nilifurahi. Nilikuwa nimepata sakafu. Tungeondoa udongo wote laini, tuifikie, na maji yatulie juu yake.

Dereva wa tingatinga alitoka Mai Mahiu, mtu mzima wa kofia ya sufu asiyependa kuharakishwa. Tulipofika kimo cha mtu alizima injini.

"Boss, hapa tusimame," alisema. "Hii nyekundu ndiyo inashika maji. Ukiitoboa unaingia kwa ile ya kijivu, na hiyo ni chujio."

Nikamuuliza hayo amesomea wapi.

"Mai Mahiu. Huko mvua ikinyesha ardhi inapasuka yenyewe, unaona yote ndani bila kuchimba."

Nilimweleza kuhusu barafu. Nilimweleza vizuri, na kwa muda mrefu, kuhusu uzito na kushindiliwa. Alinisikiliza kwa heshima huku akisafisha kucha kwa kijiti, kisha akawasha injini. Mama alikuwa amesimama kando na chupa ya chai. Bakuli la mashine lilipotupa kipande cha kwanza cha ile sakafu, alikiokota, akakigeuzageuza, akasema kinafanana na jiwe lake la kusugulia miguu. Nikamjibu kwamba mawe hufanana. Udongo mwekundu wote tuliurundika pembeni kama takataka.

Mvua ilikuja kwa nguvu siku mbili mfululizo, na bwawa likanifika kifuani. Nililipiga picha na kuwatumia wale niliosoma nao, na yule mmoja aliyenishinda mtihani akaniandikia pongezi. Siku ya tatu maji yalikuwa kiunoni. Siku ya tano kulikuwa na tope na vyura. Nilimwambia mama kwamba jua lilikuwa limeyanyonya.

"Jua gani," akauliza, "na tumevaa sweta?"

Niliteremka ndani ya shimo peke yangu. Nilitaka kuona ufa, mahali pamoja niliposhindwa, nipazibe na yaishe. Sikuuona. Nilibanja kipande cha sakafu kwa nyundo na kilikuwa chepesi mkononi mwangu, chepesi kupita kiasi, kina matundu kama mkate. Nikakitupa kwenye dimbwi lililobaki katikati. Kikaelea.

Nilisimama pale nikikitazama kikizunguka polepole. Mawe niliyojifunza kwayo yalikuwa yamelaliwa. Kila tundu lilikuwa limekandamizwa hadi likafa. Haya ya kwetu yalirushwa angani na moto wa volkano, yakafura kwa hewa, yakatua kama majivu ya jikoni, safu juu ya safu, na hakuna kitu chochote kizito kilichowahi kuyalalia. Ufito wangu haukudanganya. Ulisema kuna kitu kigumu chini, na ni kweli kilikuwepo. Mengine nilijiambia mwenyewe. Nilikuwa nimelelewa juu ya udongo huu, nimeucheza, nimeula nikiwa mtoto, na sikuwahi kuuliza umetoka wapi. Wa Uswidi niliuuliza kwa miaka. Nadhani mtu husoma kwa bidii kile alichokikuta akiwa mgeni, na cha nyumbani hufikiri anakijua.

Mama alikuwa kitaluni akipalilia kwa vidole. Mvua zilikuwa zimebakiza wiki mbili, pengine tatu.

"Mama, nimekosea," nilimwambia. "Ile sakafu inavuja yote. Tulitupa udongo uliokuwa unatufaa."

Alimaliza mstari wake, akajishika goti, akasimama. "Basi tuurudishe," alisema. "Lakini ng'ombe wa kuukanyaga uende kuomba wewe mwenyewe. Mimi sitakuombea."

Nilijua anazungumzia nini. Kwa baba yake mabwawa ya mifugo yalikandwa kwa kwato: udongo mwekundu unatandazwa chini, unaloweshwa, na ng'ombe wanazungushwa juu yake hadi unakuwa kama ngozi. Ng'ombe wa mtu mmoja hawatoshi, kwa hiyo mwenye bwawa huenda kwa jirani na kueleza kwa mdomo wake kwa nini anawahitaji. Mama alikuwa na ng'ombe wawili. Jirani yetu wa upande wa juu, mjane mwenye sauti inayosikika mabonde mawili, alikuwa nao zaidi ya ishirini.

Alinipa kigoda na maziwa, akanifanya nieleze tangu mwanzo. Nilipofika kwenye barafu alininyamazisha kwa mkono.

"Huko hakuna ng'ombe?"

Nikasema wako.

"Na wanafanya kazi gani?"

Nikasema wakati wa baridi wanakaa ndani.

"Kumbe," alisema akiwageukia binti zake. "Huyu alifundishwa na watu wa ng'ombe za nyumba. Mpeni maziwa mengine, ametoka mbali."

Walicheka hadi mmoja akalazimika kutoka nje. Lakini kesho yake alfajiri alileta ng'ombe wake wote, yeye mwenyewe mbele na fimbo.

Siku tatu tulifanya kazi. Akina mama walirudisha udongo kwa mikokoteni na magunia, na hapa lazima niseme diploma yangu haikuwa bure. Walitaka kumwaga wote kwa mara moja na kuumwagilia hadi uwe uji. Nilikataa. Nilijua udongo unashikana ukiwa na unyevu kiasi tu, unapoweza kuusokota mkononi bila kukatika na bila kunata, na kwamba safu nyembamba hushindiliwa vizuri kuliko nene. Nilipima kila safu kwa kidole kabla ng'ombe hawajaingia. Mjane alinung'unika, akajaribu mwenyewe pembeni kwa njia yake, akaja kuuliza kidole kinaingia hadi wapi. Hilo ni langu, na nitalidai popote.

Ng'ombe walizunguka, wakateleza, wakajisaidia humo humo, na mama akasema hiyo nayo inaziba. Walipochoka nilikuwa nimesimama ukingoni na ufito wangu.

"Daktari wa udongo," mjane aliniita kutoka chini, "wewe una kilo ngapi?"

Nikamwambia.

"Basi ingia. Huyu mweupe ana mimba, anapumzika."

Nikavua viatu nikaingia, nikazunguka nyuma ya ng'ombe pamoja na wanawake kumi na watano, tope likinipanda kati ya vidole vya miguu.

Mvua ilingoja. Tulifunika kazi yetu kwa nyasi isipasuke kwa jua, na kila asubuhi mama alitazama upande wa magharibi. Ikanyesha siku ya tisa, si nyingi, kisha mara mbili tena, kisha mwaka ukafunga. Bwawa lilijaa nusu. Mama alisimika kijiti chenye alama, na kwa wiki nzima maji yalishuka upana wa vidole viwili, kisha kidogo sana, kisha tukaacha kuhesabu. Kona moja inavuja hadi leo. Mama amepanda sukuma mbele yake.

Januari tulimwagilia kwa vikombe, jioni tu, kila mche fungu lake. Jalidi iliua mistari miwili ya mizeituni upande wa bondeni. Kiu haikuua mmoja. Maji yalipoisha ilikuwa wiki ya mwisho ya Machi na mawingu yalikuwa yameshashuka hadi kwenye paa.

Tulipanda mteremkoni wote pamoja. Nilijichimbia mashimo yangu kwa kasi niliyojifunza Uswidi, na hakuna aliyenifikia, muulize yeyote aliyekuwepo. Katika shimo moja niliingiza mkono kutafuta jiwe, kwa mazoea, ukaenda hadi kiwiko na haukukutana na kitu. Nikabaki nimeinama hivyo. Mama alikuwa nyuma yangu na mtarakwa mkononi, mizizi yake imefungwa kwenye udongo mwekundu.

"Toa mkono, baba," alisema. "Huu unataka kuingia."

Nikautoa, akauteremsha mche, nikafunika.