Nilichora Mstari Mzuri, Wajomba wa Bibi Harusi Wakakosa Nyama

Jamani, kosa lilikuwa langu. Si la kompyuta, si la mpishi. Langu! Miaka yote hii nimewaacha watu wa Kakuma wamlaumu mpishi, na mimi kimya, najifanya sijui kitu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa karani wa takwimu katika mradi mmoja Lodwar, kijana wa shati lililopigwa pasi na majivuno tele. Rafiki yangu Gabriel, Msudani aliyeuza chai na sukari katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, alikuwa anaoa. Hofu yake moja tu: nyama iishe kabla wajomba wa bibi harusi hawajala. Kwao hiyo ni aibu ya kuvunja ndoa.

"Ndugu yangu, wewe iko na mashine," akaniambia. "Sema watu watakuja kiasi gani."

Mimi tena! Nikakusanya habari za karamu zilizopita kambini, nikaipa kompyuta mambo matatu: idadi ya kwaya zilizoalikwa kuimba, umbali kutoka barabarani, na kama ilikuwa siku ya mgao wa chakula au la. Siku ya mgao watu humiminika, hata akina mama wa Kiturkana, wenyeji wa pale, huja kuuza kuni. Mashine ikayachanganya yote, ikatoa makisio ya wageni kwa kila karamu.

Nikachora makisio yale, kwaya zikiwa chini, wageni kando. Loo! Mstari ukapanda, ukashuka, ukapanda tena. Wala haukuwa na kosa, maana karamu zenye kwaya sawa zilitofautiana kwa mgao na umbali. Dawa yake niliijua: chora mistari miwili, mmoja wa siku za mgao, mwingine wa siku za kawaida.

Lakini nilipoipeleka karatasi Kakuma, Abuk alikuwepo, dada yake bibi harusi. Abuk! Akinitazama tu natokwa jasho. Akaichungulia karatasi, akacheka. "Hii ni njia ya mbuzi mlevi?"

Nikaona haya. Niliporudi Lodwar nikaiambia kompyuta umbali uwe wa wastani, na mgao pia uwe wa wastani. Umbali wa wastani sawa, upo. Mgao wa wastani ndio nini? Ni siku yenye mgao nusu na isiyo na mgao nusu! Siku hiyo haijawahi kupambazuka Kakuma. Lakini mstari ulinyooka, jamani, ukapendeza! Abuk akauona, akasema, "Sasa hii ni kazi ya msomi." Nikavimba kichwa, na Gabriel akanunua mbuzi kwa kuufuata mstari ule.

Wiki ya harusi malori ya chakula yakachelewa, mgao ukasukumwa hadi Jumamosi ile ile ya harusi. Gabriel akanijia mbio. "Niongeze mbuzi?"

Abuk amesimama pale, ananitazama. Nikakaza sauti: "Usijali. Mstari umeshahesabu mgao."

Mwongo mkubwa mimi!

Jumamosi watu walikuja. Wakaja na magunia kichwani, moja kwa moja kutoka kwenye foleni. Akina mama wa Kiturkana wakatua kuni zao, wakasalimu kwa lugha yao, "Ejok! Ejok!", wakaketi. Nani angewafukuza? Mpishi akakwangua sufuria, akanitazama. Nikainama kufunga kamba za viatu.

Wajomba walikuwa wameshanawa. Wakangoja mpaka mikono ikawakauka. Mkubwa wao akainuka: "Binti yetu anarudi nyumbani mpaka huyu ajue kulisha wageni."

Bibi harusi akalia na gauni lake jeupe. Gabriel aliuza sukari yote ya dukani ili afanye karamu nyingine, ndipo akarudishiwa mke. Kila siku alimlaani mpishi, nami nikatikisa kichwa pamoja naye. Nilikuwa na roho gani mimi?

Abuk peke yake ndiye aliyeniuliza, "Kwenye mstari wako mgao uliuweka wapi?" Nikamweleza, nikidhani atanionea huruma. Nikamwomba nije kwao kumsalimia. Akatabasamu. "Njoo Jumapili. Nitakuwepo kwa wastani."

Nilikwenda. Nikakuta kufuli mlangoni.

Vijana mnaoshika kompyuta, nisikieni: jambo likiwa ni ndiyo au hapana, chora mistari miwili, hata kama kuna msichana anatazama! Na wewe mpishi, kama unasoma hapa, nyama yako ilikuwa tamu. Nilikula sahani mbili kabla wageni hawajafika. Nisamehe.