Kioo cha Kutazamwa Ukiwa Mkekani

Muuza kompyuta wa Kashaulili ndiye aliyeniponza, nasema wazi. Aliniambia monita ni monita tu. Mimi wa darasa la saba nikamwamini, nikaifunga kwenye studio yangu ya picha kule Shanwe.

Huku kwetu picha ya marehemu ya kuweka msalabani huchaguliwa na ukoo mzima. Siku moja ukoo uliofiwa na kijana ulikuja, wanaume wakasimama mbele ya kioo cha monita, wakaridhika. Shangazi wa marehemu alikuwa amekaa mkekani, kama wafiwa wanavyokaa. Kutoka kule chini uso wa kijana wao ulionekana mweusi tii, macho yamegeuka meupe.

"Mmemfanya nini mtoto wangu?" akauliza taratibu.

Shemeji yake akanijibia. "Huyu mchawi."

Nilitorokea mlango wa nyuma. Studio waliichoma. Baadaye ndipo nikajua kuna monita ambazo rangi hugeuka ukizitazama kutoka chini.

Juzi nimerudi kwa muuzaji yuleyule, maana wengine hawana monita. Nilibeba picha ya mama kwenye flashi na nakala yake ya karatasi. Nikalinganisha kitenge chake, njano kwa njano. Nikatazama kutoka kushoto, nikahamia kulia, kisha nikakaa sakafuni.

"Mzee, unanunua kioo au unatambika?" Muuzaji akacheka.

Mama alibaki vilevile, ila macho yangu siyaamini tena. Nikamwambia akae na yeye, aniambie anaona nini.

"Namwona mama kavaa kitenge cha njano."

Ndipo nikamwambia anifungie monita ile kwenye boksi. Studio mpya naijenga sasa, na nimeanza na mlango wa nyuma.