Karatasi za Yaya

Rangi niliiba katika maabara ya chuo, Lubumbashi, kwenye chupa ndogo inayofichika kiganjani. Vingine vyote vilipatikana nyumbani, mtaani Manika, katika mji wa migodi: mshumaa, karatasi ya kuchujia, pasi ya makaa. Kwa nta nilichora mfereji mwembamba, nikapitisha pasi mpaka nta ikazama ndani ya karatasi, kisha nikadondosha rangi mwishoni mwa mfereji. Ikakauka manjano. Ukichovya ncha nyingine katika mkojo, mkojo unapanda wenyewe. Ukiwa na protini, manjano inageuka kijani.

Kipimo kilikuwa cha yaya, dada yangu mkubwa. Mimba ilikuwa ya miezi saba, na miguu yake ilikuwa imevimba. Niliogopa kifafa cha mimba, ambacho protini mkojoni hukitangulia. Zahanati ya mtaa ilikuwa imebomolewa kabla ya nyumba zetu, kwa sababu shaba ilikuwa chini yetu sote, na kila ukuta ulikuwa umepakwa namba nyekundu ya kuhamishwa.

“Mudogo, sasa mi nikojolee masomo yako?” alinicheka.

“Kila asubuhi, yaya. Rangi itasema yenyewe.”

Sikutaka kumtisha, kwa hiyo sikumweleza maana ya kijani. Mimi niliyemdai hata padri ushahidi, sikujiuliza rangi hiyo ingesema nini nyumbani kwetu. Nikarudi chuoni kufanya mitihani.

Wiki ileile malori yalikuja. Familia ilishushwa kwenye uwanda mbali na mji, chini ya turubai. Siku ya tano ya kupima, yaya alinipigia simu. Furaha ya sauti ile bado naisikia.

“Karatasi zako ziko muzuri sana! Kila siku inakuwa vert kupita jana. Tata anasema ni sawa malakite.”

Tata, baba yetu, alikuwa mchimbaji wa mawe tangu kampuni ya shaba ilipoanguka na kumwacha bila kazi. Kwetu malakite, jiwe la kijani lenye shaba, ni chakula. Anayeliona shimoni huimba. Nani angewaambia kwamba hapa kijani ni hatari? Ni mimi tu.

“Kichwa kinakuuma?”

“Kidogo. Na macho inaona moshi-moshi. Ni vumbi ya huku.”

Nilipiga kelele wampeleke hospitali. Tata alitafuta taksi-moto, pikipiki ya abiria, akampandisha yaya, akaketi nyuma yake amemshika kiunoni. Degedege lilimkamata njiani. Hakufika, wala mtoto.

Kilioni, tata aliniita pembeni. Alikuwa amezipanga zile karatasi tano juu ya ubao, moja kwa kila asubuhi, kama alivyozoea kuwapangia wanunuzi mawe yake.

“We ulisoma,” alisema. “Unionyeshe ni siku gani tungemupeleka.”

Ilikuwa ya pili. Nilijua mara moja. Kijani kilikuwa kimeshalijaza doa lote la rangi.

“Sijui, tata.”

Kwa kidole kimoja aliisukuma karatasi ya pili taratibu mpaka mbele ya goti langu, akangoja.